Presha Yangu, Macho ya Mpwa Wangu

Kwa siku kumi na moja mfululizo mpwa wangu aliniambia kuwa presha yangu iko vizuri. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alikuja chumbani kwangu, akasubiri mashine imalize kukoroma, kisha akasoma kwa sauti ya mtoto anayesoma ubaoni: "Mia moja na kumi na nane, mjomba." Siku nyingine mia moja na kumi na mbili, siku nyingine mia moja na kumi na tano. Nesi alikuwa ameniambia kuwa nikiona namba ya juu imezidi mia moja na hamsini siku tatu mfululizo, nirudi waniongezee dawa. Sikurudi, kwa kuwa niliamini dawa inafanya kazi. Kisogo kilikuwa kikiuma nikasingizia vumbi la kiangazi na kelele za darasani. Namba ya chini ilikuwa tisini na kitu, nayo nikaipuuza, maana nilikuwa nimeambiwa niangalie ya juu.

Siku ya kumi na mbili nilishindwa kusimama mbele ya wanafunzi wangu. Dada yangu alinipakia kwenye bajaji, tukafika hospitali, nikapimwa: 184 kwa 112. Nesi akamuuliza dada, "Huwa anakunywa dawa kweli?" Mimi niko pale pale, nimekaa kwenye kiti, masikio yangu mazima, ila swali linakwenda kwa dada. Tulikuwa tumebeba mashine yetu. Wakaiwasha, ikanipima, na nesi mwenyewe akasoma, "Mia moja na kumi na nane." Kimya. Wakaiwasha tena, na safari hii kijana mmoja wa maabara akaitazama tangu mwanzo. Mashine hizi zinapowaka huonyesha kwa sekunde moja tarakimu zote zikiwa nane, ili mtumiaji aone kama kioo ni kizima. Yule kijana akasema, "Hii nane ya katikati haina mstari wa juu."

Saba isiyo na mstari wa juu ni moja. Mia moja na sabini na nane ilikuwa ikigeuka kuwa mia moja na kumi na nane, kila asubuhi, chumbani kwangu.

Mpwa wangu ana miaka tisa. Aliiona ile nane isiyo na kofia tangu siku ya kwanza, akadhani ndivyo mashine ilivyo. Mimi sikuwahi kujua kuwa kuna nane. Onyo lilitolewa kila siku, kwa sekunde moja, kwa lugha ya macho, kwa mtu asiye na macho, kupitia mtoto asiyejua kuwa ni onyo.

Naishi Mwanga, Kigoma, na utani wa asiyeona anayeishi Mwanga nimeusikia wa kutosha, kwa hiyo usijisumbue. Nafundisha Historia. Nina digrii, nina mshahara, nina simu janja inayonisomea kila kitu kuanzia ujumbe wa benki hadi matusi ya magrupu ya WhatsApp. Salio langu nalijua bila kumuuliza mtu. Namba moja tu ndiyo iliyokuwa ikinipitia mbali, nayo ndiyo namba inayoweza kuniua.

Ninachotaka kusema ni hiki: mashine ya presha isiyoweza kusomwa na asiyeona ni uamuzi wa mtu. Wengi hudhani ni bahati mbaya ya maumbile, kama vile macho yangu ndiyo yaliyoiharibu. La hasha. Fuatilia historia yake utaona. Mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Kirusi, Nikolai Korotkov, alieleza namna ya kupima presha kwa kusikiliza. Mkanda unabana mkono, hewa inapunguzwa taratibu, daktari ameweka kifaa masikioni. Pigo la kwanza likisikika, hiyo ndiyo namba ya juu. Sauti zikipotea, hiyo ndiyo namba ya chini. Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari wa dunia nzima wamepima presha kwa masikio, na macho yalihitajika kwa kazi moja tu ya kutazama zebaki au mshale. Kipimo hiki kilizaliwa upande wetu.

Mashine ya siku hizi ya kubonyeza kitufe haisikilizi tena. Inahisi mitetemo ya hewa ndani ya mkanda, inapiga hesabu, inapata jibu. Jibu likishapatikana liko ndani ya kompyuta ndogo, halina umbo. Si maandishi wala si sauti. Hapo ndipo mtu fulani, kwenye meza fulani, aliamua litoke kwa kuandikwa kwenye kioo peke yake. Angeweza kuamua litoke kwa njia zote mbili. Hakuamua. Kila ninapomwita mtoto aje anisomee, nalipia uamuzi wa mtu huyo.

Najua utakaloniambia, maana nimeshaambiwa na ndugu, majirani, na muuza duka la dawa aliyeniuzia ile mashine kwa shilingi 85,000: "Lakini mwalimu, wewe una watu." Ni kweli nina watu. Huku kwetu mtu haachwi peke yake. Nikitoka kuelekea sokoni, sijafika mbali kabla sijashikwa mkono na mtu ambaye hata sikumwomba. Sidharau jambo hilo. Lakini kuna msaada ninaouomba kwa hiari yangu, na kuna msaada nisioweza kuukwepa hata nikitaka. Huu wa pili ni kamba.

Fikiria wewe mwenyewe. Ungependa namba ya presha yako isomwe na nani kabla yako? Na jirani? Na shemeji? Presha inagusa mambo mengi. Inagusa pombe uliyokunywa jana, dawa ulizoacha kunywa, dagaa wa chumvi ulioambiwa uache, na hofu ya ndugu kwamba utawaachia watoto. Mimi nikipima, mtaa unapima. Nimewahi kupewa pole ya presha na mama muuza mawese ambaye sijawahi kumwambia kuwa ninaumwa. Alinipa pole ya kweli kabisa, tena akaniongezea mafuta. Bado sikumwambia mimi.

Isitoshe, huyo msaidizi anabadilisha hata jibu lenyewe. Maelekezo ya kupima yanajulikana: kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunja nne, mkono umekaa usawa wa moyo, kibofu kitupu, na usiongee. Kuongea kunapandisha presha. Sasa jaribu kukaa kimya wakati mtu ameinama juu ya mkono wako anahema na kusubiri, nawe unasubiri sura yake ibadilike kwenye sauti yake. Madaktari wanajua kuwa presha ya watu wengi hupanda wakiona koti jeupe. Na mimi nina yangu, hupanda nikisikia mtu anavuta pumzi kabla ya kusoma.

Baada ya mkasa ule binamu yangu aliyeko Muscat alinitumia mashine nyingine. "Hii inaongea," alisema, na mimi nikaamini kuwa matatizo yamekwisha. Hapa nataka vijana wenzangu mnaopenda kununulia wazee wenu vifaa mnisikilize vizuri, kwa sababu neno "inaongea" limewapotezea watu wengi fedha. Mashine ile iliongea kweli. Iliongea Kiingereza, kwa sauti ya kutangaza treni, na haikuwa na namna ya kupunguza. Saa kumi na mbili asubuhi uani kwetu, nyumba ya wapangaji wanne, ilitangaza presha yangu mpaka chooni. Na ilijua kutamka majibu tu. Mkanda ukilegea au mkono ukitikisika ililia "pii" moja na kunyamaza, huku kosa lenyewe likiandikwa kwenye kioo. Betri zikikaribia kwisha, kioo. Tarehe na saa, kioo. Kumbukumbu za wiki nzima ambazo daktari anazitaka, kioo. Kwa maneno mengine iliongea mambo yakiwa sawa, na yakiharibika ikarudi kwa wenye macho. Rafiki wa namna hiyo tunamjua sote.

Nikajaribu ya tatu, ya kuunganishwa na simu. Wazo ni zuri sana: mashine inapima, simu inapokea, kisoma skrini changu kinanitamkia. Lakini programu yake ilitengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kufumba macho. Nikipitisha kidole, simu inasema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha." Kipi cha kuanza, kipi cha kufuta? Na kabla ya yote hayo ilinitaka nisajili akaunti kwa kunakili tarakimu zilizokuwa zimechapwa chini ya mashine. Nikamwita mpwa wangu.

Kwa hiyo sasa nikiulizwa na mtu asiyeona, au na mwenye mzazi asiyeona, anunue mashine gani, simpi jina la kampuni. Nampa mtihani wa dukani. Kwanza usahihi, kwa sababu mashine inayoongea uongo ni mbaya kuliko bubu. Uliza kama aina hiyo imethibitishwa usahihi wake kwa vipimo vinavyotambulika, na chagua ya kuvaa juu ya kiwiko, maana za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi zaidi. Pima mzunguko wa mkono wako wa juu kwa uzi kabla ya kwenda. Mkanda wa kawaida mara nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32, na mkono mnene kwenye mkanda mdogo hutoa namba ya juu kuliko ukweli.

Kisha fumba macho pale pale dukani, au kama huoni kama mimi, iombe mashine mikononi na umwombe muuzaji anyamaze. Je, kitufe cha kuanzia unakipapasa ukakijua, au ni kioo laini cha kugusa? Je, mpira wa hewa unaingia tundu moja tu, au unaweza kuuchomeka vibaya? Je, sauti inapunguzwa, na ina tundu la spika za masikioni? Sasa fanya jambo ambalo muuzaji hatalipenda: ilazimishe ikosee. Vaa mkanda umelegea. Tikisa mkono katikati ya kipimo. Chomoa mpira. Sikiliza inasema nini. Ikisema kosa kwa maneno, endelea kuzungumza bei. Ikisema "pii," mrudishie. Mwisho iombe ikusomee kipimo kilichotangulia. Daktari haamui matibabu kwa namba moja. Anataka wastani wa siku kadhaa, na nyumbani wastani wa 135 kwa 85 au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya juu, wakati kliniki mpaka ni 140 kwa 90. Mashine isiyoweza kukurudishia ya jana imekupa nusu ya ulichonunua.

Ukishainunua, nenda nayo kliniki ilinganishwe na ya kwao, na urudie kila mwaka. Mimi nimeshonea fundo la uzi kwenye ule mshale wa mkanda unaotakiwa kukaa juu ya mshipa, nao ulikuwa umechorwa kwa wino tu. Fundo la uzi. Kiwanda kizima hakikuliwaza.

Hayo ndiyo ya mnunuzi. Lakini sitaki makala hii iishie kuwa ushauri kwa mnunuzi, maana huo ndio mtego wenyewe: asiyeona anaambiwa ajifunze kuchagua vizuri kati ya vitu ambavyo vyote vilitengenezwa bila yeye. Baada ya duka la tatu unagundua kuwa hakuna cha kuchagua.

Watu wa soko watasema sisi ni wachache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu, wengi wao wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na karibu nusu hawakujua kuwa wanayo. Presha yenyewe hula mishipa ya macho. Kisukari, ambacho hutembea nayo kama pacha, hula macho pia. Weka na wazee wanaotafuta miwani nyumba nzima kumbe wameivaa, na wasiosoma tarakimu. Ukiwajumlisha hao, mashine inayoongea inakuwa kifaa cha kawaida, na ile bubu ndiyo inapaswa kujieleza kwa nini iko sokoni.

Watasema pia kuwa Kiswahili ni gharama. Hebu tuhesabu pamoja. Ili kutamka namba yoyote kutoka moja hadi mia mbili tisini na tisa unahitaji moja hadi tisa, yaani maneno tisa. Unahitaji kumi hadi tisini, maneno mengine tisa. Unahitaji "mia" na "na." Ishirini. Maneno ishirini yaliyorekodiwa yanatosha kumwambia presha yake mtu yeyote anayejua Kiswahili, na UNESCO inasema wasemaji wake wanazidi milioni 200. Ongeza sentensi kama kumi: namba ya juu, namba ya chini, mapigo ya moyo, mkanda umelegea, umetikisika, betri inakwisha, pima tena. Mwanafunzi mmoja wa chuo na simu yake anaweza kuzirekodi kabla ya chakula cha mchana. Na asipotaka kurekodi, eSpeak, programu ya bure ya kutamka maandishi, inajua Kiswahili tangu zamani. Kila mwaka Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa mashairi na ngoma. Lugha ambayo haiwezi kumwambia bibi wa Ujiji kuwa presha yake imepanda ina kazi nyingine ya kufanya siku hiyo.

Wala tusijifanye kuwa jambo hili halina sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Ibara ya 25 ya mkataba huo inahusu afya. Ibara ya 22 inahusu faragha, na inataja waziwazi taarifa za afya. Faragha yangu imeandikwa kwenye mkataba, lakini kila asubuhi ilikuwa ikisomwa na mtoto wa darasa la tatu.

Vifaa tiba nchini vina mlango. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo yenye kazi ya kuvidhibiti. Ninachoomba ni swali moja mlangoni: je, mtu asiyeona anaweza kutumia kifaa hiki peke yake, hata kikikosea? Si lazima mashine zote zipite swali hilo kesho. Lakini jibu liandikwe kwenye boksi, kama inavyoandikwa tarehe ya kutengenezwa, ili muuza duka asiniambie tena "inaongea" na mimi nimwamini. Serikali na mashirika wanaponunua vifaa kwa fedha ya umma waanze na zile zinazopita. Mkinunua nyingi, viwanda vitasikia. Vinasikia fedha vizuri sana.

Na sisi wasioona tuna letu. Kila Oktoba 15, Siku ya Fimbo Nyeupe, tunapanga foleni, tunapokea fimbo, tunapigwa picha, tunashukuru. Fimbo ni muhimu, yangu naipenda. Lakini tumezoea kushukuru kiasi kwamba tunaona aibu kurudisha dukani kitu kibovu. Mimi nilikaa na ile mashine ya shilingi 85,000 kwa miezi, nikijilaumu mimi kwa kutoona, wakati ningepaswa kuwaambia: kifaa chenu hakijakamilika.

Nimeacha jambo moja makusudi. Baada ya ile siku ya hospitali mpwa wangu hakuja tena chumbani kwangu asubuhi. Nilidhani ni mitihani. Wiki ya pili dada yangu akaniambia kuwa mtoto alimuuliza usiku, "Mama, mjomba angekufa, mimi ningekamatwa?"

Watu wanaosema "una watu" hawamfikirii huyu. Wanadhani mzigo unaanguka juu yangu peke yangu, na kwamba msaidizi anapata thawabu basi. Mtoto wa miaka tisa alipewa kazi ambayo kiwanda kilikataa kuifanya, akaifanya kwa uaminifu, akasoma kilichokuwa mbele yake neno kwa neno, kisha akalala akiwaza polisi. Nilimwita, nikamkalisha, nikamweleza habari ya saba na moja. Alinisikiliza. Sijui kama aliniamini siku ile.

Sasa natumia mashine ya nne, nayo inaongea Kiingereza pia, ila ina kitufe kimoja, inapunguzwa sauti, na mkanda ukilegea inasema. Juzi mpwa wangu aliingia asubuhi na kitabu chake, akakaa ukingoni mwa kitanda wakati inapima. Ilipomaliza akauliza, "Imesemaje, mjomba?"

"Mia moja na thelathini na mbili," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Kwa nini isiseme Kiswahili, tukasikia wote?"

Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe, na kwamba nitawauliza wakubwa. Nimewauliza.